Mstari Mwekundu wa Fundi Baltazari Magesa

Katekista wetu, mwenyekiti wa kijiji, ndugu wa ukoo wa Magesa, wakwe zetu mliotoka Musoma na majirani zangu mliotoka Bunda, mimi ninayesimama mbele yenu naitwa Marcelina Magesa, ni dada wa marehemu na mzaliwa wa kwanza wa nyumba hii, na ukoo umenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mdogo wangu, tangu alipozaliwa hapa Buswahili hadi leo tunapomlaza hapa hapa Buswahili. Kamati ya mazishi ilinikabidhi historia iliyokwisha kuchapwa, safi kabisa, ukurasa mmoja na nusu, nami nimeisoma, na nawaambia mapema ili msishtuke, kuna mahali nitasoma walivyoandika wao na kuna mahali nitasema ninavyojua mimi. Kijana wa muziki, naomba mkono wako ukae mbali na hicho kitufe mpaka nimalize.

Marehemu Baltazari Magesa alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto sita wa mzee Magesa na mama Bhoke, ambao wote wametangulia, na mama alikuwa akitusimulia kwamba siku ile mvua iliingia jikoni ikazima moto, maji ya kumwogeshea mtoto yakachemshwa kwa jirani na kuletwa yakiwa yamekwisha kupoa, ndiyo maana sisi ndugu zake tulimtania maisha yake yote kwamba baridi alikutana nayo kabla ya ziwa la mama.

Alianza darasa la kwanza katika shule ya msingi ya hapa kijijini mwaka 1983 na kumaliza darasa la saba mwaka 1989, hakuchaguliwa kuendelea, akabaki nyumbani akichunga ng'ombe wa baba na kupalilia pamba, hadi Januari 1992 baba alipouza dume mmoja na kumpeleka chuo cha ufundi Musoma ili asome useremala. Useremala ulikuwa umejaa, akaingizwa darasa la majokofu, lililokuwa na wanafunzi wachache kwa sababu umeme wenyewe ulikuwa wa kuhesabu nyumba, na watu wa hapa walimcheka sana kwamba mtoto wa Magesa anajifunza kutengeneza kitu ambacho hakuna aliyenacho. Katika darasa hilo ndimo alimokutana na Enoka, huyu aliyekaa safu ya mbele mwenye suti ya kijivu, mwenyekiti wa kamati yetu ya mazishi, wakalala kitanda cha ghorofa kimoja, Enoka chini na Baltazari juu, wakahitimu pamoja Novemba 1993.

Februari 1994 wote wawili waliajiriwa katika kiwanda kimoja cha samaki pale Musoma, wakitunza mitambo ya barafu na vyumba vya kugandishia minofu ya sangara, wakadumu huko miaka kumi na minne, hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 2008 na wafanyakazi wakarudishwa makwao na maneno ya shukrani. Mei 2009 walifungua karakana yao mtaa wa Nyakato, pale pale Musoma, wakaiita Baridi ya Ziwa, na kazi yao ikawa kufunga na kutengeneza viyoyozi vya ukutani, vile vyenye kichwa ndani na kiwiliwili nje, ambavyo wengi wenu mnaviita ei-sii. Kazi waligawana kwa namna iliyoeleweka, Enoka ana maneno matamu na shati linalobaki jeupe mpaka jioni, kwa hiyo yeye alikaa na wateja, Baltazari maneno yalimpa taabu lakini urefu haukumtisha, kwa hiyo yeye alipanda ngazi, na Enoka mwenyewe alikuwa akisema huku anacheka, "Mimi nikifika ngazi ya tatu naonaga giza." Tulicheka naye.

Kamati imeandika kwamba marehemu alikuwa fundi hodari, ikaishia hapo, na mimi sikuridhika, kwa sababu kila fundi akishakufa huandikwa hodari, hata yule aliyekuunguzia nyumba. Ukimwita Baltazari kwamba kiyoyozi chako hakipoozi, hakuja na mtungi wa gesi begani, alikuja mikono mitupu, akavua viatu mlangoni, akasimama na kukitazama kwanza, na katika nyumba nyingi za Musoma alikuta mama mwenye nyumba amekivika kitambaa cha kufuma, kile kile cheupe chenye maua anachofunikia makochi na televisheni, ili kipendeze na vumbi lisiingie, kumbe huko juu ndiko kiyoyozi kinakovutia hewa, kwa hiyo kilikuwa kinakabwa roho na kitambaa cha heshima. Alikitoa taratibu, akakikunja vizuri, akamkabidhi mama kwa mikono miwili na kumwambia, "Mama, hiki umekifuma vizuri sana, kivalishe redio." Kiyoyozi kikapumua, naye akaomba maji ya kunywa, akaondoka.

Wengine walimwita ili kujisifu, kwamba cha kwao kina nguvu mpaka bomba linaota barafu, ikawa kazi yake kuwaeleza bila kuwaaibisha kwamba barafu kwenye bomba ni ugonjwa, hewa haipiti, filta imejaa vumbi, akaichomoa, akaiosha kwa maji matupu na kuianika kivulini. Kikivuja maji ndani juu ya kitanda cha watu, alitoka nje kwanza kutafuta mdomo wa mpira wa maji, na mara nyingi alikuta nyigu wamejenga humo, au mjusi amefia humo, au fundi aliyetangulia ameuelekeza mpira juu, kana kwamba maji ya Musoma hupanda mlima. Rimoti ikikataa alibadili betri kabla ya kufungua kitu chochote, na yupo mheshimiwa mmoja hapa, simtaji, ambaye kiyoyozi chake kilipuliza joto mwezi mzima kwa sababu mjukuu alibonyeza ile alama ya jua. Na zile siku ambazo wadudu wadogo wa ziwani hupanda kama moshi na kuuangukia mji, Baltazari aliwazungukia wateja wa ufukweni bila kuitwa, akiwa na brashi laini na ndoo, kwa sababu wadudu wale hujaa katika vibati vyembamba vya kile kiwiliwili cha nje mpaka kikashindwa kutoa joto, na fundi mvivu akija hapo atakwambia mota imekufa, nunua nyingine.

Lakini sentensi aliyoichukia kuliko zote ni ile ya "gesi imeisha", ambayo kila fundi wa njiani anaijua hata kabla hajajua kushika spana. Baltazari alikuwa akisema, "Gesi siyo mkaa, haiishagi, inatorokaga, tafuteni mlango iliotokea." Alipaka povu la sabuni kwenye maungio ya bomba, akachuchumaa kulitazama kama povu linachemka, na asipoona tundu hakuongeza gesi hata mteja amwombe kwa magoti, mpaka vijana wa Nyakato wakambatiza Magesa Asiye na Gesi, jina alilolipenda na kuliitikia barabarani.

Kuhusu ndoa, Jumamosi ya tarehe 7 Oktoba 2000 marehemu alifunga ndoa na Hana, binti wa familia ya wavuvi kutoka vijiji vya rasi, shemeji yetu huyu mnayemwona hapa amejifunga kanga nyeusi, na msimamizi wao wa ndoa alikuwa Enoka. Ninyi wa kwetu mnajua msimamizi wa ndoa ni nani, siyo mtu wa kushika pete siku moja na kula keki, ni mtu ambaye ndoa ikitikisika huitwa yeye kabla hajaitwa baba, watoto humwita baba mdogo, akija nyumbani hasubiri kukaribishwa kiti, na ukimshtaki mbele za watu ni kama umeivua nguo ndoa yako mwenyewe. Mungu aliwajalia watoto watatu, Rhobi aliyezaliwa mwaka 2001, Silasi aliyezaliwa mwaka 2005 na Abraham aliyezaliwa mwaka 2011, na Enoka ndiye aliyekwenda hospitali kumchukua Rhobi na mama yake siku wanaruhusiwa, kwa sababu baba wa mtoto alikuwa juu ya mtambo wa barafu na mtambo haukungoja.

Ndani ya ndoa hiyo ndimo ulimotokea mstari mwekundu, ambao baadhi yenu mmeusikia kwa ubaya, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Mwaka 2012 Hana aliona chupa yake ya rangi ya kucha inapungua na kucha zake hazijapakwa, akamshuku Rhobi, akamshuku binti wa jirani, na nani mwingine alimshuku tusiulizane msibani, mpaka siku alipoikuta ndani ya sanduku la spana la mumewe. Baltazari akamweleza kwamba akimaliza kukaza nati za shaba zinazofunga bomba kule nje, huchora mstari mmoja mwembamba, unaoanzia kwenye nati na kuishia kwenye chuma inapofungwa, rangi ikikauka basi nati ikizungushwa hata kidogo mstari unakatika, kipande hiki kinatazama huku na kile kinatazama kule, naye akirudi hata baada ya miaka miwili anajua kwa jicho moja kama kuna spana nyingine imepita baada ya yake. Hana alicheka, akamwachia chupa, akanunua nyingine.

Na mimi mstari huo niliuona kwa macho yangu, Septemba 2017, walipokuja wote wawili kwangu Nyasura, kule Bunda, kunifungia kiyoyozi katika duka langu la dawa, maana mimi ni muuguzi mstaafu na dawa hazipendi joto, Baltazari akiwa juu na kichupa mkononi nikamwuliza, "Wewe, unaupaka ukuta wangu kucha?" Aliyenijibu si Baltazari. Alinijibu Enoka, aliyekuwa ameshika ngazi chini, tena kwa majivuno ya mtu anayeonyesha mtoto wake, akasema, "Dada, ile ndiyo sahihi yetu. Ukiona mstari umekatika, jua kuna mkono wa mtu mwingine umepita, siyo sisi. Sisi hatufichagi kazi." Maneno hayo nayarudia mbele ya jeneza kama nilivyoyasikia, na yeye yupo, ananisikia.

Sasa nimefika mahali ambapo kamati imeandika hivi, nasoma, "Mwaka 2021 marehemu aliamua kwa hiari yake kuacha kazi ya ufundi na kurudi kijijini kujishughulisha na kilimo." Ndugu zangu, hakuamua, na hiari hakuwa nayo.

Mwezi Juni na Julai mwaka huo Baltazari alikuwa hapa, katika nyumba hii, anamuuguza mama yetu Bhoke, aliyefariki tarehe 30 Julai 2021, na wengi wenu mlimkuta akimgeuza mama kitandani kwa mikono yake. Wakati huo huo, kule Musoma, mama Euphrasia, ambaye tunaye hapa na amenipa ruhusa kuyasema haya, alikuwa na shida na viyoyozi vya nyumba yake ya wageni ya ufukweni, vilivyofungwa vyote na Baridi ya Ziwa, kimoja baada ya kingine vikaacha kupooza, akaipigia simu karakana, akaambiwa gesi imeisha, ikaongezwa, wiki chache ikaisha, ikaongezwa tena, wageni wakahama, naye akaleta fundi kutoka Mwanza. Fundi huyo alipaka sabuni, povu likachemka kila chumba, nati zimelegea kiasi cha kufunguka kwa vidole, na juu ya kila nati akakuta wekundu uliokatika.

Jumamosi ya tarehe 21 Agosti 2021 Baltazari aliitwa kwenye kikao uani kwa mama Euphrasia, mbele ya mwenyekiti wa mtaa na majirani, wiki tatu tu baada ya kumzika mama, nywele bado amenyoa. Akaambiwa analegeza nati makusudi ili aitwe tena. Akaonyesha mistari iliyokatika, akajaribu kueleza kwamba mstari ukikatika maana yake ni kwamba mtu mwingine amepita, lakini nimewaambia maneno yalimpa taabu, na jirani mmoja akainuka akauliza ni fundi gani wa umeme anayetumia rangi nyekundu ya wanawake, kama siyo dawa ya kufukuza wageni, na hapo kikao kikachafuka, kwa sababu kwetu neno hilo likishatamkwa halirudi mdomoni. Mwenyekiti wa mtaa, ambaye alifanya haki kwa kiasi chake, akanyamazisha watu na kumgeukia Enoka, akamwuliza, "Wewe ndiye mwenzake, alama hizi unazijua?" Na Enoka akajibu, "Mimi alama hizo sizijui. Na ngazi mimi sipandagi, anayepanda ni yeye."

Nitasema jambo moja kuhusu jibu hilo na kuliacha. Nani alilegeza nati zile mimi sijui, sikuwepo, na simshtaki mtu kwa nisichokiona. Ila kama Enoka hapandi ngazi, na Baltazari alikuwa hapa anamgeuza mama kitandani, basi ile gesi iliyoongezwa mara mbili ilipanda yenyewe. Swali hilo halikuulizwa siku ile. Siku ile watu walishapata jibu walilolitaka, na walipewa na msimamizi wa ndoa ya mtuhumiwa, mtu ambaye asingeweza kudanganya dhidi ya ndugu yake, ndivyo kila mtu alivyofikiri, na mimi ningekuwepo pale labda ningefikiri hivyo hivyo.

Mjini Musoma habari ilitembea. Akina mama wale wale waliokunjiwa vitambaa kwa mikono miwili walipeleka vijana nyuma ya nyumba na visu, wakakwangua wekundu kwenye nati zao, na wengine wakamwagia maji ya chumvi, hivyo kazi safi ya miaka tisa ikakwanguliwa kwa wiki moja kama kutu. Baridi ya Ziwa ikabadilishwa kibao, ikawa karakana ya Enoka peke yake, wateja wakabaki huko huko. Hana alibaki Nyakato na watoto kwa sababu ya shule, na Baltazari akaja hapa na sanduku lake la spana, akaliweka uvunguni, akashika jembe la baba, na nilipokuja kumwuliza kulikoni alinijibu neno moja tu, "Dada, kazi imeniishia." Yeye, ambaye hakukubali hata gesi ya mtu iishe. Nilimsihi anieleze, akasema ukieleza sana unaonekana mwongo, akabadilisha habari akaniuliza bei ya chanjo ya kuku.

Mara mbili tatu nilimwuliza kuhusu Enoka, kwa nini haji, na alinijibu kwamba Enoka ana shughuli nyingi. Hakumsema. Hata Hana hakumwambia yaliyosemwa na msimamizi wao pale uani, na Hana aliishi miaka minne akidhani kwamba Enoka alijaribu kumtetea mumewe akashindwa. Enoka alikuja Nyakato kila Krismasi na mchele, akala, akamwambia Hana avumilie, ndoa zina majaribu.

Kuhusu ugonjwa, Agosti 2023 marehemu alianza kuvimba miguu, akapimwa Musoma, ikaonekana figo zimechoka, akaanza kupelekwa Mwanza kusafishwa damu, na kuanzia Februari mwaka huu alilazwa huko moja kwa moja. Katika wodi hiyo kulikuwa na kiyoyozi kilichokuwa kinadondosha maji juu ya kitanda cha mzee mmoja, wauguzi wakasogeza kitanda, wakaweka beseni, na Baltazari akamwambia muuguzi kwa sauti ndogo kwamba pengine mpira wa nje umeziba, fundi wa hospitali akaja, akaupuliza, maji yakakoma. Muuguzi akamwuliza, "Baba, kumbe wewe ni fundi?" Nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda, namenya chungwa. Akajibu, "Nilikuwaga." Nilitoka nje nikalia ukutani kama mtoto.

Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, figo, moyo na mwili wote wa mdogo wangu viliacha kazi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, ameacha mjane, watoto watatu, ndugu watano, na jina ambalo Musoma bado wanalitamka kwa kupunguza sauti. Hilo la mwisho kamati haikuliandika, na ndilo lililonipandisha hapa.

Yote niliyowasomea kuhusu kikao nimeyajua juzi Jumamosi, mchana, nyuma ya nyumba hii, tukichambua mchele. Mama Euphrasia alikuja, akaomba ungo, akakaa karibu yangu, akaniambia kwamba roho yake haijatulia tangu aliposikia kifo, kwamba hata fundi wa Mwanza alimwambia baadaye kuwa mistari ile huenda ni alama tu ya kazi, na yeye alimjibu fundi huyo, "Ingekuwa ya kazi, mwenzake angeijua." Nikamwuliza mwenzake alisemaje hasa. Akanitajia maneno yale, neno kwa neno. Mchele wote uliokuwa kwenye ungo wangu ulimwagika, Selestina wa hapa jirani ni shahidi, ndiye aliyeuokota.

Jana nilimwita Enoka pembeni, nikamwambia, unakumbuka Nyasura, ulinishikia ngazi na kunieleza sahihi yenu, akatazama chini, akaniambia, "Dada, tumzike kwanza, hayo tutaongea baadaye." Baadaye ipi? Mimi na wewe tunayo, Enoka, na mama Euphrasia anayo, lakini huyu aliyelala hapa amekwisha maliza za kwake zote, alizimaliza akikungoja. Nimemweleza Hana usiku wa jana, na Hana hakulia, aliniuliza tu kama ule mchele wa Krismasi nao ulikuwa wa kumnyamazisha.

Nimalizie na shukrani, kama ilivyo desturi. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Mwanza, ambao hawakuchoka naye, na wale wa Musoma waliompima mara ya kwanza. Tunamshukuru katekista na jumuiya yote kwa sala, tunawashukuru vijana wa Buswahili waliochimba kaburi kwenye udongo mkavu huu bila kunung'unika. Tunawashukuru majirani wa Nyakato mliokuja na magari mawili na masufuria, hata ninyi mliokwangua, masufuria tumeyapokea, chakula mtakula, hapa ni kwa Magesa, hakuna anayerudishwa. Tunamshukuru mama Euphrasia, ambaye alikosea mbele za watu na amekubali litajwe mbele za watu, na siyo wengi wanaoweza.

Hapa karatasi inasema, "Tunawashukuru wafanyakazi wenzake." Mdogo wangu alikuwa na mfanyakazi mwenzake mmoja. Enoka, kaka yangu, sitaki uombe msamaha, wala sikuulizi habari za nati na gesi, hilo ni lako na Mungu wako. Nataka neno moja ambalo Baltazari aliliomba uani kwa mama Euphrasia na hakulipata, watu wa Musoma wapo, watoto wake wapo, jeneza halijafungwa. Ule mstari mwekundu uliujua au hukuujua? Silasi, mpelekee baba yako mdogo maikrofoni.

Tunasubiri, usiwe na haraka.

Mmesikia wote, na kwa waliokaa mbali nyuma ya turubai nitarudia, amesema, "Mungu ndiye anajuaga." Ni kweli, Mungu anajua, hata Abraham wetu wa darasa la saba anafahamu kwamba Mungu anajua. Mimi sikumwuliza Mungu. Silasi, chukua maikrofoni, usimvute mkono, chukua tu, rudi ukae na mama yako.

Basi nitajibu mimi, kwa kuwa nilikuwepo Nyasura. Aliujua. Aliusifia kwa mdomo wake, akauita sahihi yao. Baltazari Magesa hakuwa mchawi na hakuwa mwizi, alikuwa fundi aliyetia alama kazi yake ili mtu akiiharibu ijulikane, na ilipoharibiwa, mtu pekee pale uani aliyejua kuisoma zaidi yake alisema hajui. Nendeni nayo hiyo, itamkeni kwa sauti ya kawaida.

Mshereheshaji, kwenye ratiba yako shada la wafanyakazi wenzake linawekwa na Enoka, na shada la msimamizi wa ndoa linawekwa na Enoka. Ukifika hapo, pita.

Baltazari, mdogo wangu, pumzika kwa amani, na hiyo amani uichukue yote, usitubakizie hata kidogo, kwa sababu wiki ijayo Hana na watoto wanarudi Nyakato, na njia ya kwenda sokoni inapita mlangoni kwa Enoka.